Siku Moja Córdoba na Watoto: Mwongozo Kamili kwa Familia

Familia nyingi zinazopanga kwenda kusini mwa Hispania huanza na Granada kwa ajili ya kasri la Alhambra, kisha hukuta tiketi zimekwisha wiki kadhaa kabla. Kama mna siku moja tu na mna watoto, ushauri wangu ni Córdoba. Karibu kila kitu cha maana kimekaa jirani ya kingine kiasi kwamba mnatembea kwa miguu siku nzima bila kuhitaji gari. Na jengo lake kuu, Mezquita, msikiti wa kale uliogeuzwa kanisa kuu, ni la aina ambayo mtoto wa miaka sita huingia akanyamaza bila kuambiwa.

Mwongozo huu umesimama juu ya jambo moja: Córdoba ni mji wa asubuhi na jioni. Katikati ya mchana ni saa za kula na kulala, na wenyeji wenyewe ndivyo wanavyoishi. Mzazi akilikubali hilo, siku inakwenda vizuri. Akitaka kubana vituo saba kati ya asubuhi na alasiri, atamaliza siku akibembeleza watoto wanaolia kwenye kichochoro chenye joto la nyuzi 40.

Chagua mwezi kwanza, tiketi baadaye

Joto la Córdoba si la kuchukulia kimzaha, hata kwa aliyekulia Dar es Salaam au Mombasa. Mwezi Agosti 2021, mji wa La Rambla ulioko ndani ya mkoa wa Córdoba ulipima nyuzi 47.6, rekodi ya Hispania nzima. Ni joto kavu: jasho linakauka kabla hujaliona, na mtoto anaishiwa maji mwilini huku uso wake haujalowa. Julai na Agosti, kama una watoto chini ya miaka minane, nenda kwingine.

Miezi ninayoipendekeza ni Machi, mwanzo wa Aprili, Oktoba na Novemba. Mwishoni mwa Machi midanzi inachanua maua na mji mzima unanukia. Mei ndio mwezi maarufu zaidi: katika wiki mbili za mwanzo wenye nyumba hufungua nyua zao zilizojaa vyungu vya maua kwa mashindano ya Patios, utamaduni ulioingizwa na UNESCO kwenye orodha yake mwaka 2012. Ni wakati mzuri mno, lakini foleni ni ndefu, hoteli ni ghali, na kusimama dakika arobaini kwa ajili ya uani mmoja si kazi ya mtoto. Anayependa nyua hizo aende Palacio de Viana, jumba lenye nyua 12, mwezi wowote mwingine.

Kuhusu siku ya wiki: epukeni Jumatatu, kwa sababu ngome ya Alcázar, sinagogi na magofu ya Medina Azahara hufungwa. Jumapili nayo ina ibada asubuhi kwenye Mezquita, saa za kutembelea hukatwa. Jumanne hadi Ijumaa ndizo siku za familia.

Kwa wanaotoka Afrika Mashariki, visa ni ya Schengen. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi chini ya 12. Walio chini ya miaka 6 hawalipi. Mtoto akisafiri na mzazi mmoja tu, andaeni mapema barua ya ridhaa ya mzazi mwingine, maana hilo ndilo jambo linalochelewesha maombi ya familia nyingi.

Kufika

Njia bora ni treni ya mwendokasi. Kutoka kituo cha Atocha, Madrid, ni takriban saa moja na dakika 45. Kutoka Sevilla ni kama dakika 45, na Málaga ni karibu saa moja. Reli hii ya Madrid hadi Sevilla ilifunguliwa mwaka 1992, na leo treni zake ni nyingi kiasi kwamba kwenda na kurudi siku moja ni jambo la kawaida. Nunueni tiketi mapema kadiri iwezekanavyo kwa sababu nauli hupanda siku zikikaribia. Watoto wadogo wasiochukua kiti husafiri bure na Renfe, shirika la reli la Hispania, lakini lazima waandikiwe tiketi yao, kwa hiyo wataje mnapoweka nafasi.

Mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi kabla ya kufika jukwaani. Fikeni nusu saa kabla, hasa mkiwa na kigari cha mtoto. Na kumbukeni kwamba tiketi zinafuata saa za kizungu za ishirini na nne: 20:15 ni saa mbili na robo usiku. Mwandikie kila mtu mzima wa msafara saa ya treni ya kurudi kwa Kiswahili kwenye simu yake, mmalize ubishi kabla haujaanza.

Kutoka kituoni hadi mji mkongwe ni dakika 20 hadi 25 kwa miguu, na njia yenyewe ni nzuri: mnashuka na bustani ndefu za Paseo de la Victoria, kwenye kivuli, hadi lango la Puerta de Almodóvar. Mkiwa na mtoto mchanga au bibi anayeumwa magoti, pandeni basi namba 3 au teksi. Teksi hapa si ghali kwa sababu mwendo ni mfupi.

Mkoba wa siku

Chupa ya maji kwa kila mmoja. Maji ya bomba ya Córdoba yanafaa kunywa, mtajaza njiani. Kofia. Viatu vilivyokwishazoeleka, visiwe vipya, kwa sababu vichochoro vimetandikwa mawe ya mviringo ya mtoni. Mawe hayohayo ndiyo yanayofanya kigari cha mtoto kiwe mateso. Kanga ya mbeleko itawafaa kuliko kigari chochote, na mtoto atalala mgongoni au kifuani huku nyinyi mnaendelea na safari.

Bebeni sarafu chache za euro, kitambaa chenye maji, na vitafunio ambavyo watoto wamevizoea. Pasipoti halisi za wote ziwe nanyi. Namba ya dharura ni 112.

Usiku uliotangulia: wasimulieni habari za yule kijana

Hatua hii haina gharama, nami naiweka juu ya nyingine zote. Mtoto asiyejua chochote ataona nguzo nyingi, basi. Anayejua hadithi ataona kazi ya mtu.

Hadithi ni hii. Mwaka 750 ukoo wa Banu Umayya uliokuwa ukitawala kutoka Dameski ulipinduliwa na Banu Abbas, na watu wake wakasakwa mmoja mmoja. Kijana mmoja wa ukoo huo, Abd al-Rahman, aliyekuwa na miaka ipatayo ishirini, alijitosa mto Furati pamoja na mdogo wake huku askari wakiwaita kutoka ukingoni, wakiwaahidi usalama. Mdogo wake alichoka, akaziamini ahadi zile na kurudi, hakupona. Abd al-Rahman akaogelea hadi ng'ambo. Akazunguka Afrika ya Kaskazini kwa miaka, akijificha kwa wajomba zake, maana mama yake alikuwa Mberiberi, kisha mwaka 755 akavuka bahari kuingia Hispania. Mwaka uliofuata akawa amiri wa Córdoba. Uzeeni, kiasi cha mwaka 785, akaanza kujenga msikiti. Akaagiza mitende ipandwe kwenye bustani yake, akatunga beti za kuuambia mtende mmoja kwamba wao wawili wote ni wageni, wako mbali na kwao.

Watoto waliozaliwa ughaibuni huielewa sehemu hiyo ya mwisho haraka kuliko wazazi wao wanavyotarajia.

Saa mbili na nusu asubuhi: Mezquita

Jumatatu hadi Jumamosi, kuanzia saa mbili na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi (8:30 hadi 9:30), wageni binafsi wamekuwa wakiingia bure, na makundi ya watalii hayaruhusiwi. Kwa familia hii ndiyo saa bora kabisa, na sababu yangu si pesa. Ni utulivu. Mwanga wa asubuhi unaingia wa ubavuni, sakafu inang'aa, na mtoto anaweza kuzunguka nguzo bila kukanyagwa. Mkilala Córdoba usiku uliotangulia mtaiwahi bila shida; mkitoka Sevilla itabidi treni ya alfajiri. Mkiikosa, msihuzunike. Tiketi ya mtu mzima kwa miaka ya karibuni imekuwa euro 13, na watoto chini ya miaka 10 hawalipi. Angalieni bei na saa kwenye tovuti rasmi ya Mezquita-Catedral siku chache kabla, kwa sababu ibada na sherehe hubadilisha ratiba.

Kabla ya kuingia, pitieni uwanja wa nje, Patio de los Naranjos. Hapa ndipo waumini walipotawadha. Ile miti ni midanzi. Wakanyeni watoto wasichume. Kwanza si ruhusa, pili danzi litawakunja uso.

Sasa ndani. Mlango wa wageni unawaingiza moja kwa moja kwenye sehemu ya kale zaidi, ile ya Abd al-Rahman mwenyewe. Simameni hapo, msiende popote. Waacheni watoto watazame. Nguzo zilizobaki ni zaidi ya 850, na juu yake matao mawili mawili, moja juu ya jingine, ya mawe meupe na matofali mekundu.

Kisha anzeni kuangalia kwa karibu, na hapa ndipo utamu ulipo. Mwambie mtoto atafute nguzo mbili zinazofanana kabisa. Katika sehemu hii atahangaika sana, kwa sababu nguzo ziliokotwa kwenye majengo ya Warumi na ya Wavisigothi, waliotawala Hispania kabla ya Waislamu, yaliyokuwa yamebomoka: hii ya marumaru ya kijivu, ile ya waridi, nyingine imechongwa mikunjo ya kuzunguka kama kamba. Vichwa vyake navyo ni mchanganyiko. Nguzo hizo zilikuwa fupi mno kwa ukumbi mkubwa namna ile, na ndiyo sababu mafundi wakapandisha tao juu ya tao. Paa likainuka, hewa ikapita. Watoto wakubwa hupenda kujua kwamba uzuri huu ulizaliwa na tatizo la urefu.

Tembeeni mbele taratibu kuelekea ukuta wa kusini. Mtapita nyongeza ya Abd al-Rahman wa Pili ya karne ya 9, kisha ile ya al-Hakam wa Pili ya karne ya 10. Mkifika ya al-Hakam mchezo unabadilika: nguzo sasa zimetengenezwa mahsusi, moja nyeusi ya kibuluu, inayofuata ya waridi, zinapokezana hadi mwisho. Waambieni watoto wahesabu wakipokezana rangi.

Mwisho wa safu hiyo ni mihrabu. Itazameni kwa muda. Imezungukwa na aya za Kurani zilizoandikwa kwa vipande vidogo vya kioo na dhahabu, kazi iliyofanywa kwa msaada wa mafundi na vifaa kutoka dola ya Kikristo ya Bizantini. Mtoto aliyesoma chuoni ataanza kutambua herufi za Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, polepole, moja moja, na mkimpa nafasi atasoma mwenyewe neno au mawili. Msimwahishie.

Waulizeni pia: mbona mihrabu haiko katikati ya ukuta? Jibu liko upande wa kushoto wenu mkiitazama. Mwishoni mwa karne ya 10 waziri al-Mansur alitaka kuuongeza msikiti tena. Kusini kulikuwa na mto, magharibi kulikuwa na kasri, akapanua upande wa mashariki peke yake, na mihrabu ikabaki imesogea pembeni. Ingieni huko mtazame matao kwa makini. Wekundu wake ni wa rangi iliyopakwa juu ya jiwe, wakati kule mwanzo mlikotoka ni matofali halisi. Nyongeza hii ni kubwa zaidi, ya haraka zaidi, ya gharama nafuu zaidi. Mtoto akishaiona tofauti hiyo mwenyewe, amekwisha jifunza kusoma jengo. Na kama mmewahi kuwafikisha Kilwa Kisiwani, wakumbusheni kwamba Msikiti Mkuu wa kule nao ulipanuliwa kwa kuunganisha ukumbi mpya na wa zamani, na ukitazama vizuri unaona kiungo.

Katikati ya yote haya limesimama kanisa kuu. Mfalme Mkristo Ferdinand wa Tatu aliuteka mji mwaka 1236 na msikiti ukageuzwa kanisa, lakini kwa karibu miaka mia tatu ukumbi uliachwa kwa sehemu kubwa kama ulivyokuwa. Mwaka 1523 askofu akaanza kubomoa katikati yake ajenge kanisa refu lenye kuba. Baraza la mji lilipinga vikali kiasi cha kutangaza adhabu ya kifo kwa fundi yeyote atakayeshika kazi hiyo, mpaka mfalme Carlos wa Tano alipotoa idhini. Waambieni watoto jambo hilo, kwamba waliotetea nguzo zile walikuwa Wakristo wa Córdoba waliozipenda. Kisha ingieni ndani ya kanisa lenyewe bila kinyongo, maana lina kazi ya kustaajabisha, hasa viti vya kwaya vya mkangazi vilivyochongwa karne ya 18. Chini ya mimbari moja kuna ng'ombe dume wa jiwe. Kumtafuta huwapa wadogo nguvu mpya wanapoanza kuchoka.

Sasa jambo ambalo familia za Kiislamu zinapaswa kulijua kabla, si mlangoni. Hairuhusiwi kuswali ndani. Walinzi wapo, na mtu akianza kurukuu atazuiwa mara moja. Zungumzeni na watoto wakubwa usiku ule wa hadithi, mkiwaeleza kwa nini, ili wasishtuke na isiwaharibie asubuhi. Hijabu na kanzu hazina tatizo lolote. Wanaume huombwa kuvua kofia, na kwa anayevaa baraghashia ni vyema kulijua hilo mapema. Picha ruhusa, bila mwanga wa flashi.

Saa moja na nusu inatosha. Zaidi ya hapo watoto wanaanza kukimbizana kati ya nguzo.

Mnara wa kengele uko uani, una mita 54, na ndani ya kiwiliwili chake umeficha mnara wa adhana wa Abd al-Rahman wa Tatu. Kuupanda kuna tiketi yake ya saa maalumu, na watoto chini ya miaka 7 hawaruhusiwi. Mkiwa na mchanganyiko wa umri, mzazi mmoja apande na wakubwa, mwingine akae na wadogo chini ya midanzi.

Mto, daraja na yangeyange

Kutoka Mezquita ni hatua chache tu hadi mto Guadalquivir. Daraja la Warumi lina matao 16, limekarabatiwa mara nyingi katika miaka elfu mbili, na magari hayapiti tena. Watoto wakimbie hapa. Walikuwa watulivu saa nzima, wanastahili.

Simameni kabla ya kufika katikati mtazame upande wa magharibi. Kuna gurudumu kubwa la mbao la Albolafia, lililokuwa likipandisha maji ya mto kwenda bustani za kasri. Inasimuliwa kwamba Malkia Isabel aliagiza liondolewe kwa sababu mlio wake ulimnyima usingizi. Kuzunguka hapo kuna visiwa vidogo vya matete vilivyohifadhiwa kwa ajili ya ndege. Yangeyange wamejaa, wale wale tunaowaona nyuma ya ng'ombe kwetu, pamoja na korongo wa aina kadhaa. Mkiwa na darubini ndogo, hii itakuwa nusu saa ambayo watoto wataizungumzia kuliko kanisa.

Hapohapo mtoni ni mahali pazuri pa kuwasimulia habari za Abbas ibn Firnas, mwanachuoni wa Córdoba wa karne ya 9. Inasimuliwa kwamba alijitengenezea mabawa ya manyoya, akajirusha kutoka kilimani, akaelea angani kwa muda, kisha akaumia alipotua kwa sababu hakujitengenezea mkia. Mji una daraja la kisasa lenye jina lake.

Mnara wa Calahorra ulioko ng'ambo una makumbusho ya kusikiliza kwa vipokea sauti. Kwa walio chini ya miaka kumi, uacheni.

Mtaa wa Wayahudi, kwa ufupi

Judería ni vichochoro vyeupe vyenye vyungu vya maua, na raha yake ni kupotea humo. Mambo mawili tu yanatosha. La kwanza ni sinagogi la mwaka 1315, chumba kidogo chenye maandishi ya Kiebrania yaliyochongwa kwenye plasta. Ni mojawapo ya masinagogi matatu ya zama hizo yaliyobaki Hispania, mawili mengine yako Toledo. La pili ni sanamu ya Musa ibn Maimun, ambaye Wazungu humwita Maimonides, mzaliwa wa mji huu wa karne ya 12 aliyehama na familia yake kukimbia mateso ya watawala wa Almohadi na kuishia kuwa tabibu mkubwa Misri. Kiatu chake kimeng'aa kwa kuguswa na watu wanaotumaini kupata hekima. Watoto watataka kukigusa, waacheni. Nje ya ukuta, hatua chache kutoka Puerta de Almodóvar, imeketi sanamu ya mwanafalsafa Ibn Rushd na kitabu chake. Yeye na Maimonides waliishi karne moja, wakatoka mji mmoja.

Karibu na Mezquita huenda mkakutana na akina mama wanaowapa watu vijiti vya romarini kisha wakadai pesa. Tabasamuni, mseme "no, gracias", msipokee.

Chakula cha mchana, na nguruwe anapojificha

Jikoni hufunguliwa kuanzia kama saa saba na nusu mchana. Fikeni ndani ya nusu saa ya mwanzo, kabla wenyeji hawajajaa. Watoto wanakaribishwa kila mahali. Kiti kirefu cha mtoto huitwa *trona*.

Chakula cha hapa ni *salmorejo*: nyanya, mkate, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni vilivyosagwa hadi vikawa uji mzito wa baridi. Ni kitamu sana siku ya joto. Lakini juu yake hunyunyiziwa yai na vipande vya nguruwe, kwa hiyo mnaagiza "sin jamón". *Berenjenas con miel* ni biringanya za kukaanga zilizomiminiwa asali ya miwa, na sijaona mtoto aliyezikataa. *Tortilla* ya viazi na mayai ni ndugu wa chipsi mayai, ikawa nene kama keki.

Familia isiyokula nguruwe iwe macho kwa haya: *flamenquín* ni nguruwe ndani na mara nyingi nje pia. *Croquetas* huwa na jamón hata menyu isiposema. *Pastel cordobés*, ile keki ya tabaka tabaka inayopendeza dirishani, kwa kawaida hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe, *manteca*, na wengine huweka nyama yake pia. *Rabo de toro* ni mkia wa ng'ombe, lakini hupikwa kwa mvinyo. Sentensi ya kukariri: "¿Lleva cerdo o vino?", yaani, kina nguruwe au mvinyo? Ndani ya Judería kuna mikahawa inayouza halali, ya vyakula vya Morocco na Mashariki ya Kati, na huandika mlangoni.

Mkitaka mahali ambapo kila mmoja atachagua chake, Mercado Victoria, banda la chuma na vioo kwenye bustani za Paseo de la Victoria, lina vibanda vingi chini ya paa moja, na nje kuna nafasi ya watoto kucheza.

Saa nane hadi saa kumi na moja: pumzikeni

Maduka mengi hufunga. Mitaa inabaki mitupu. Kama mna chumba cha hoteli, rudini mlale. Kama mmekuja kwa siku moja, tafuteni kivuli cha bustani, tandikeni kanga. Wanaotaka kuswali adhuhuri na alasiri wana msikiti mdogo wa Morabito kwenye bustani ya Plaza de Colón. Kama umefungwa, bustani yenyewe ni tulivu.

Jioni

Chagueni kimoja, msichague viwili.

Alcázar de los Reyes Cristianos, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1328, ina bustani za mabwawa marefu ya samaki. Hapa ndipo Christopher Columbus alipokutana na mfalme Ferdinand na malkia Isabel mwaka 1486 kuomba fedha za safari yake, na hapa pia palikuwa makao ya Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa iliyowasaka walioshukiwa uzushi wa dini, kwa karne tatu. Msimu wa joto kali hufungwa mapema mchana, kwa hiyo wa kiangazi waiweke asubuhi baada ya mto.

Chaguo la pili ni Caballerizas Reales, mazizi ya kifalme yaliyoanzishwa na Felipe wa Pili mwaka 1570 kwa ajili ya kukuza farasi wa Kiandalusi. Jioni za siku maalumu kuna onyesho la farasi wakicheza kwa gitaa na mcheza flamenco. Kwa watoto wa miaka mitano hadi kumi na miwili, mimi naliweka hili mbele ya Alcázar bila kusita. Nunueni tiketi mapema na mwangalie kwamba linaisha kabla ya treni yenu.

Wasiotaka kulipa tena waende Plaza de las Tendillas. Saa ya uwanja huo hupiga kwa mlio wa gitaa badala ya kengele, na jioni watoto wa mji hujaa hapo hadi usiku. Watoto wenu watapata wenzao wa kucheza nao ndani ya dakika tano, lugha si kizuizi.

Gharama na siku ya pili

Hesabu ya wazazi wawili na watoto wawili walio chini ya miaka 10: Mezquita euro 26, au bure mkiwahi asubuhi, sinagogi na Alcázar ni kiasi kidogo, chakula ndicho kitakachokula pesa zaidi, kisha onyesho la farasi. Treni ndiyo inayoamua bajeti, na hiyo mnaimudu kwa kununua mapema.

Mkiweza kulala usiku mmoja, asubuhi ya pili nendeni Medina Azahara, kilomita 8 hivi magharibi mwa mji. Ni mji wa kasri ulioanzwa na Abd al-Rahman wa Tatu mwaka 936, ukaporwa na kuteketea mwanzoni mwa karne ya 11, na hadi leo sehemu kubwa yake bado imefukiwa. UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018. Anzeni kwenye jumba la makumbusho lililoko chini, watoto watazame filamu fupi inayoonyesha kasri lilivyokuwa, halafu pandeni basi dogo linalopeleka watu juu kwenye magofu. Tiketi ya basi hilo hukatwa papo hapo makumbusho. Jazeni chupa zote kabla ya kupanda, kwa sababu juu kivuli ni kidogo sana, na pangeni kuwa mmeshuka kabla ya saa sita mchana.